Mkono wa drafti kwenye ubao wa chesi: uchambuzi wa mchezo mmoja wa vijana, Mwanza

Mchezo ulikwisha kwenye hatua ya 13. Ukihesabu kete zilizobaki ubaoni, kila upande una malkia, minara 2, maaskofu 2, farasi 1 na askari 6. Sawa kwa sawa kabisa. Saa ya Nyeusi bado ilikuwa na dakika 11. Hata hivyo mfalme wake amekufa kwenye d6, katikati ya ubao, huku minara yake yote miwili na askofu wa f8 hawajasogea hata mara moja.

Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa taratibu kwa sababu aliyeshindwa si mchezaji dhaifu. Katika hatua hizo 13 alipata hatua mbili ambazo vijana wengi wa umri wake hawazioni. Alichokosea kinatoka kwenye tabia ya mkono, na tabia hiyo inaonekana kwa vijana wengi wa kanda ya ziwa waliojifunza drafti kabla ya chesi.

Mazingira kwa ufupi: mashindano ya vijana wa chini ya miaka 14, Mwanza, raundi ya nne. Muda ni dakika 25 kwa kila mchezaji, na sekunde 10 zinaongezwa kwa kila hatua. Nyeupe ni binti wa miaka 13 kutoka Nyakato. Nyeusi ni mvulana wa miaka 12 kutoka ng'ambo, Sengerema. Kwenye mchezo wa kasi namna hii kanuni hazimlazimishi mchezaji kuandika hatua, lakini wote wawili waliandika, na pembeni wakaweka muda uliobaki. Bila karatasi hizo mbili uchambuzi huu usingewezekana, na kwa hilo pekee wote wawili wanastahili pongezi.

Herufi zinazotumika ni zile za kwenye karatasi za mashindano: K mfalme, Q malkia, R mnara, B askofu, N farasi. Askari hana herufi. Alama x ni kula, + ni cheki, yaani mfalme anashambuliwa, # ni chekimeti, yaani hana pa kukimbilia. Kila mraba unatajwa kwa herufi ya safu yake ya wima, a hadi h kutoka kushoto kwa Nyeupe, na namba ya safu ya mlalo, 1 hadi 8 kuanzia upande wa Nyeupe. Nukta tatu baada ya namba zinaonyesha hatua ya Nyeusi. Weka ubao mbele yako, kwa sababu kuna mahali hesabu inakwenda mbali.

1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Nf6 4.Ng5 d5 5.exd5 Nxd5 6.Nxf7 Kxf7 7.Qf3+ Ke6 8.Nc3 Nb4 9.a3 Nxc2+ 10.Kd1 Nd4 11.Bxd5+ Kd6 12.Qf7 Qe8 13.Ne4#

Hatua tatu za kwanza ni ufunguzi wa Kiitalia, na jibu la 3...Nf6 linaugeuza kuwa Ulinzi wa Farasi Wawili. Hapo Nyeusi ameshafanya uamuzi mzito, pengine bila kujua. Farasi akikaa f6, malkia wa d8 haoni tena g5, kwa hiyo 4.Ng5 inawezekana. Angecheza 3...Bc5, farasi wa Nyeupe akirukia g5 angeliwa bure na malkia. Kijana asiyetaka kujifunza mistari ya hatua ya 4.Ng5 hana aibu yoyote akicheza 3...Bc5. Anayecheza 3...Nf6 lazima ajue kinachofuata, kwa kuwa mpinzani wake bila shaka anakijua.

Baada ya 4.Ng5, mraba wa f7 unapigwa na wawili, farasi wa g5 na askofu wa c4, na mlinzi wake ni mfalme peke yake. Jibu la 4...d5 ni sahihi, linaziba njia ya askofu. Nyeupe akala, 5.exd5.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa.

Nyeusi alijibu 5...Nxd5 papo hapo. Saa yake baada ya hatua hiyo ilisoma dakika 25 na sekunde 38, maana yake alikuwa na muda mwingi kuliko alioanza nao. Hatua tano zote zilikuwa zimemgharimu sekunde 12 tu. Hakufikiri, kwa sababu kwake hapakuwa na cha kufikiri: ameliwa, anakula.

Kwenye drafti yuko sahihi. Drafti inayochezwa chini ya miembe na kwenye vibaraza kwa vifuniko vya soda ina sheria moja inayotawala zote: kula ni lazima. Kete ikiwa na cha kula, inakula, upende usipende, na ustadi wote wa mchezo ni kumlazimisha mwenzako ale pale asipotaka kula. Mtoto aliyecheza hivyo tangu ana miaka 6 anapokutana na kete iliyokaa mbele ya farasi wake, mkono unaondoka kabla ya kichwa. Chesi haina sheria hiyo. Kitu pekee ambacho ni lazima ni kumwokoa mfalme anapopigwa cheki. Mengine yote ni hiari, pamoja na kurudisha askari uliyeliwa.

Sisemi drafti inaharibu wachezaji wa chesi. Inawapa kitu cha thamani sana, uwezo wa kuhesabu mfululizo wa kulana hatua nne au tano mbele bila kugusa ubao. Tatizo ni dogo na linatibika: mkono uzoee kusimama kwanza.

Hatua iliyopaswa kuchezwa ni 5...Na5. Farasi anakwenda pembeni ya ubao, jambo ambalo walimu hukataza, lakini hapa anampiga askofu wa c4, yaani anaigusa silaha yenyewe. Mwendelezo wa kawaida ni 6.Bb5+ c6 7.dxc6 bxc6 8.Be2 h6 9.Nf3 e4. Nyeusi yuko nyuma kwa askari mmoja, ni kweli, lakini hesabu alichopata: askofu wa Nyeupe amekimbizwa mara mbili, farasi amekimbizwa mara mbili, na askari wa e4 anawasumbua. Baada ya 10.Ne5 Bd6 kete za Nyeusi zinatoka moja baada ya nyingine na mfalme wake ataingia g8 bila bughudha. Kuna njia nyingine mbili za haki, 5...Nd4 ya Fritz na 5...b5 ya Ulvestad, ambayo jibu lake zuri ni hatua ya ajabu, 6.Bf1. Lakini zinadai kukariri zaidi, na mtoto wa miaka 12 atosheke na Na5.

Sasa turudi kwenye mchezo. 6.Nxf7 ni shambulio la zamani sana. Waitalia waliliita Fegatello, kipande cha ini, na kuna mchezo wa Polerio uliochezwa Roma karibu mwaka 1610 wenye hatua hizi hizi. Kwa miaka zaidi ya 400 vijana wanaanguka kwenye shimo moja. Nyeupe angeweza pia kucheza 6.d4, njia yenye jina la Lolli, ambayo wengi wanaiona ni kali vilevile. Binti huyu alikuwa amejiandaa kwa farasi, na akamtoa.

Baada ya 6...Kxf7 7.Qf3+ Nyeusi hana uhuru. Akicheza 7...Kg8 anakufa: 8.Bxd5+, kisha ama 8...Be6 9.Bxe6# au 8...Qxd5 9.Qxd5+ Be6 10.Qxe6#. Akiziba kwa 7...Qf6, Nyeupe anakula 8.Bxd5+, amemrudisha farasi wake na ana askari wa ziada, huku mfalme wa Nyeusi akiwa nje. Kwa hiyo 7...Ke6 ndiyo hatua pekee inayomshika farasi wa d5, na kijana aliipata. Kutembeza mfalme katikati ya ubao kwenye hatua ya 7 kunahitaji moyo.

8.Nc3, na sasa hesabu ya d5 inakuwa ndiyo mchezo wote. Wanaompiga farasi wa d5 ni watatu: askofu wa c4, farasi wa c3, malkia wa f3. Wanaomlinda ni mfalme na malkia wa d8, wawili tu. Yeye mwenyewe hawezi kuondoka, maana amefungwa mbele ya mfalme wake. Nyeusi akacheza 8...Nb4, farasi wa c6 akahamia b4 na kuwa mlinzi wa tatu. Hiyo ndiyo hatua bora hapo, na alitumia zaidi ya dakika 5 kuitafuta. Hizo dakika 5 zilikuwa na thamani kubwa, lakini zilikuja hatua tatu baada ya wakati wake.

9.a3 inataka kumwondoa mlinzi huyo wa tatu. Ni wazo zuri, ila lina gharama: farasi akilazimika kuondoka anaweza kuondoka kwa kula, 9...Nxc2+, akimpiga mfalme na mnara wa a1 kwa mpigo. 10.Kd1 inamgusa farasi huyo. Nyeusi akamtazama mnara wa a1 kwa karibu dakika 4, kisha akamwacha.

Kumwacha mnara ilikuwa hatua ya mchezaji wa kweli, na tabia ya drafti ingemsukuma kinyume. Tazama kingetokea nini angekula: 10...Nxa1 11.Nxd5. Farasi wa c2 amefika kona ya a1 na hana njia ya kutoka: c2 iko mkononi mwa mfalme, b3 inaonwa na askofu na malkia. Nyeusi ana mnara wa ziada kwenye karatasi lakini uwanjani amebaki peke yake. Mfano mmoja: 11...Kd6 12.d4 Be6 13.Re1 b5 14.Nb4. Hapo kuna askofu wa c4 wa kula tena. Akimla, 14...bxc4, inakuja 15.Qc6+. Malkia analindwa na farasi wa b4, mfalme ana mraba mmoja tu, 15...Ke7, na 16.Bg5+ inamlazimisha 16...Kf7, kisha 17.Bxd8 malkia wa Nyeusi ameliwa. Kila alichokula kilimsogeza mlo mmoja karibu na mwisho.

Badala yake alicheza 10...Nd4. Sasa malkia wa f3 anapigwa. Mchezaji wa Nyeupe asiyehesabu angemkimbiza malkia mara moja, na presha yote kwenye d5 ingelegea. Binti alifanya linalotakiwa: kabla ya kukimbia, alitafuta cheki. 11.Bxd5+. Nyeusi hawezi kumla askofu kwa malkia, kwani 11...Qxd5 12.Qxd5+ inampoteza malkia. Mfalme naye hamli, farasi wa c3 anamlinda. Ikawa 11...Kd6, na malkia wa Nyeupe bado anapigwa.

12.Qf7 ni hatua nzuri kuliko zote za mchezo huu. Haina cheki, haili kitu, na imefanywa wakati kete zinagombana. Inaandaa Ne4 chekimeti. Hapa mpangilio wa hatua ni kila kitu. Jaribu kuugeuza: 12.Ne4+ kwanza. Farasi ameondoka c3 hamlindi tena askofu, na akiwa e4 anaziba mshazari wa malkia kuelekea d5. Mfalme anakula, 12...Kxd5, na malkia wa f3 bado yuko mdomoni mwa farasi wa d4. Askofu amepotea. Lakini malkia akitangulia f7, anamlinda askofu wa d5 kupitia e6, na wakati huohuo anafunga e6, e7 na d7. Binti alitumia dakika 3 hapo, na ni mahali pekee alipotumia muda wa kueleweka. Hatua nane za mwanzo zilikuwa za kukariri, ila hii ni yake mwenyewe.

Nyeusi akajibu 12...Qe8 kwa sekunde 4. Malkia kwa malkia. Nitamla, au atakimbia, au tutabadilishana. Mkono uleule wa hatua ya 5 umerudi, safari hii ukiwa na dakika 11 mkononi.

13.Ne4# na meza ikanyamaza. Kagua mwenyewe: c5 inashikwa na farasi, c6 na askofu, d7 na e7 na malkia, e6 na askofu na malkia, askofu wa d5 analindwa na malkia, c7 na e5 zimekaliwa na askari wake mwenyewe. Kumla malkia wa f7 hakusaidii, maana anayempiga mfalme ni farasi, na hakuna kete ya kumla farasi wa e4. Kijana alimshika malkia wake, akamwinua kumla wa f7, ndipo mwamuzi akamwonyesha mfalme. Kanuni ya kugusa, kwamba kete uliyoigusa lazima uicheze, haikuwa na nafasi tena, kwa sababu mchezo ulikuwa umekwisha pale farasi alipotua e4.

Je, kulikuwa na wokovu kwenye hatua ya 12? Kulikuwa na mapigano. Cheki ya 12...Bg4+ inavutia, lakini 13.f3 inampa Nyeupe askari anayelinda e4, na tishio liko palepale, limeimarika zaidi. Njia ya kusimama nayo ni 12...Be6. Inafuata 13.Bxe6 Nxe6 14.Ne4+, na mfalme lazima aende 14...Kd5 kumshika farasi wake wa e6. Akienda 14...Kc6, basi 15.Qxe6+ farasi ameliwa. Baada ya 14...Kd5 kete bado ni sawa. Nyeupe ana sare mkononi kwa kurudia 15.Nc3+ Kd6 16.Ne4+, na kama ana muda na moyo anatafuta zaidi ya hapo. Kwa Nyeusi si raha, lakini nusu pointi ingewezekana kabisa.

Kwa mwalimu wa mchezaji wa aina hii, kukaririsha ufunguzi peke yake hakutatosha. Ukimpa 5...Na5 leo, wiki ijayo mkono utakula mahali pengine. Zoezi linalofanya kazi ni hili. Weka ubao kwenye nafasi ya baada ya 5.exd5. Mchezaji akalie viganja vyake. Kabla ya kutoa mkono ataje kwa sauti vitu vitatu: mpinzani ana cheki gani, anaweza kula nini, na anatishia nini hatua inayofuata. Kisha ataje hatua mbili anazoweza kucheza, na mojawapo isiwe ya kula. Hapo tu ndipo anaruhusiwa kugusa. Rudia kwa nafasi ya baada ya 12.Qf7, ambapo jibu la swali la tatu ni Ne4 na kila kitu kinakuwa wazi. Dakika 20 kwa siku, nafasi nne au tano tofauti, kwa wiki tatu. Mtoto atalalamika kuwa ni polepole. Mwache alalamike, ila asiguse.

Na kwenye mashindano aandike hatua kwanza au acheze kwanza? Kanuni zinataka acheze ndiyo aandike, kwa hiyo kalamu haiwezi kutumika kama breki. Saa inaweza. Mpe kipimo: saa isisome zaidi ya muda wa kuanzia baada ya hatua ya 5 kama mpinzani ameshavuka nusu ya ubao. Farasi wa g5 amevuka. Hapo kuna jambo, simama.

Kwa upande wa Nyeupe kazi ipo pia, ingawa ameshinda. Siku atakapokutana na 5...Na5 hatapata mfalme wa kufukuza. Karatasi yake inaonyesha alitumia sekunde chache kwenye kila hatua hadi ya 8, dalili kwamba anajua njia moja na anaomba mpinzani aifuate. Ajifunze kucheza 6.Bb5+ c6 7.dxc6 bxc6 8.Be2 h6 9.Nf3 e4 10.Ne5 kama mtu mwenye askari wa ziada anayepaswa kumtunza kwa hatua 40, na azoee 10...Bd6 11.d4 exd3 12.Nxd3 Qc7, nafasi ambayo Nyeusi anatazama h2 kwa malkia na askofu na Nyeupe bado hajamficha mfalme wake. Aanze na 13.h3 au 13.b3, achague moja, aicheze michezo kumi ya mazoezi na mtu wa kiwango chake. Na asichezee g4 kumfukuza yeyote kabla mfalme hajawa salama.